Siku Mbili

Ofisa wa Manyovu ana kalamu moja, imefungwa uzi mezani.
Kusudi la safari?
Kutembea.
Siku ngapi? Mbili.
Kwa nani? Kwa Mwavita Kitwana, Mwanga,
nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa buluu,
ukikuta mbuzi ujue umepotea.
Hilo la mbuzi haandiki.
Anafunua ukurasa wa kwanza, anasoma nilikozaliwa:
Kasulu.
Ananitazama. Anaitazama hati. Ananitazama tena.
"Kwa hiyo wewe kwenu unaingia kwa muhuri?"
Mwanamke mwenye kuku wawili, nyuma yangu, anacheka,
na foleni nzima inamfuata.
Nami nacheka. Nilizaliwa kambini, chini ya turubai,
sikuwahi kuulizwa nitakaa siku ngapi.

Upande ule nimewaaga kwa *bwakeye*,
upande huu wananipokea kwa *mwakeye*.
Herufi moja, na kamba iliyokatiza barabara.

Tulipanga tangu Machi:
mimi nikwepe kipindi cha Ijumaa, nilale Mabanda, nivuke asubuhi;
Sikudhani apande treni Tabora;
Mwavita apike.
Migebuka ya kuchoma, ugali wa muhogo,
mawese yale yale yaliyotuharibia mashuka ya chuo.
Treni hatukuipangia kitu.

Saa sita mchana: *tumesimama Kaliua.*
Saa kumi: *bado Kaliua, nimenunua asali.*
Saa mbili usiku: *Nguruka, nadhani, kuna giza.*
Kisha simu yake ikazima.

Basi tukabeba chakula kwenye hotipoti, tukashuka stesheni,
na hiyo ndiyo ikawa safari yangu ya nje ya nchi:
benchi la mbao, mbu, ziwa likinuka bila kuonekana,
na Ramla, miezi minane, niliyemjua kwa picha tu,
akiivuta hereni yangu kama anadai kitu.
Mwavita hakumaliza chuo. Anauza mawese, lita kwa lita.
Usiku ule alinitaka nimsomee dozi za watoto,
kama tulivyokuwa tukiulizana kabla ya mtihani.
Nikasoma. Ya tatu nikakosea.
Akanisahihisha taratibu,
akimpigapiga mwanawe mgongoni, acheue,
wala hakuinua macho.
Mimi ndiye mwenye kitambulisho cha chuo kikuu shingoni.
Nilikivua, nikakitia mkobani.

Saa kumi alfajiri treni ikaingia,
pole kama mtu aliyekuja kuomba radhi.
Sikudhani alishuka na ndoo ya asali iliyopasuka,
gauni limemganda mapajani, miguu imevimba,
matusi yamemjaa mdomoni, na hakujua amtukane nani.
Tulimkumbatia hivyo hivyo. Tukanata wote.

Migebuka baridi tulikula kwenye kifuniko, palepale,
mlinzi akapata kichwa kimoja.
Nikamlipa Sikudhani deni la mwaka wa mwisho,
faranga, ndizo nilizobaki nazo.
Alizigeuza mbele, nyuma, akazinusa.
"Hizi nikazitumie wapi, Urambo?"
"Njoo kwangu uzitumie."
Hakujibu. Alizikunja ndogo sana
akazifunga kwenye ncha ya khanga, mafundo mawili.

Saa moja na nusu tulilala godoro moja, kwa upande,
miguu sakafuni, Ramla kati yetu, ametanuka kama bwana shamba.
Nina hakika hakuna aliyelala.
Hakuna aliyesema pia.

Manyovu, kalamu ni ile ile, na uzi wake.
"Ulitembea wapi?"
"Stesheni."
Anangoja niendelee. Siendelei.
Anajaribu kufunua hati: kurasa zimegandana.
Anaziachanisha kwa ukucha, polepole, zisichanike,
analamba kidole,
ananitazama,
anakilamba tena,
ndipo anagonga.